Mvua mbili za Uganda na sahani ya ugali jijini Nairobi

MTEJA anayesubiri nyama choma katika Soko la Kenyatta, Nairobi, kwa kawaida huuliza bei ya nyama. Ni nadra kuuliza unga wa ugali umetoka wapi. Ilhali Kenya aghalabu huvuna mahindi yasiyotosheleza mahitaji yake, na sehemu ya pengo hilo huzibwa na mahindi kutoka Uganda yanayopitia Busia na Malaba.

Uganda haina pwani, lakini imejaliwa maji. Ingawa ikweta inapita humo, sehemu kubwa ya nchi ni uwanda wa juu, takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hivyo joto lake si kali. Maeneo ya kusini, yakiwemo ya kandokando ya Ziwa Victoria, hupata mvua mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Kaskazini kuna msimu mmoja mrefu, nako Karamoja hukumbwa na ukame mara kwa mara.

Kwa mkulima wa kusini, misimu miwili ni mavuno mawili. Hata hivyo, neema hiyo ina mtego wake. Mavuno ya kwanza huwa tayari katikati ya mwaka, na kipindi cha jua kabla ya mvua za pili ni kifupi. Mahindi yanayowekwa ghalani kabla ya kukauka barabara huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, sumu inayodhuru ini.

Ni sumu hiyo iliyoifanya Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya kupiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania mnamo Machi 5, 2021. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa na masharti yakawekwa, yakiwemo usajili wa waagizaji na cheti cha kuthibitisha kiwango cha sumukuvu.

Ukaguzi ni wa lazima, lakini kufunga mpaka hakukaushi mahindi. Mwaka wa 2004, watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa sumu iyo hiyo, na mahindi waliyokula yalikuwa hasa yaliyolimwa huko huko.

Dawa ni mitambo ya kukaushia na maghala bora karibu na mashamba. Hapo ndipo ukosefu wa bahari unapoiuma Uganda, kwani mafuta na mashine zinazoshushwa Mombasa husafiri zaidi ya kilomita 1,100 kabla ya kufika Kampala, na kila kituo huongeza gharama. Kuirahisisha safari hiyo ni kwa manufaa ya Kenya pia.

La sivyo, mlaji wa Soko la Kenyatta ataendelea kulipa: kwa pesa mpaka unapofungwa, na kwa afya yake mahindi mabichi yanapopenya.