TUTEMBEE DUNIANI: Mali isiyopakiwa ku wagoni



Siku moja kisha ibada mutoto mumoja aliniuliza: «Papa, juu ya nini wazungu wanaendaka mbali vile kuangalia maji tu?» Swali lake ni la maana. Basi mwezi huu tusafiri pamoja, bila tiketi wala valizi, mpaka ku kisiwa cha Nias, katika inchi ya Indonesia, ngambo ya Bahari ya Hindi.

Kutoka muji wa Medan unapanda ndege ndogo mpaka Gunungsitoli, karibu saa moja. Kisha gari inashuka kusini masaa tatu hivi, katikati ya minazi, vijiji na makanisa. Ndiyo, makanisa! Katika Indonesia Waislamu ni wengi sana, lakini watu wengi wa Nias ni Wakristo. Mumisionere Mudachi, Ludwig Denninger, alifika kule mwaka wa 1865. Mutu ukikutana naye njiani atakuambia «Ya'ahowu», ni kusema anakutakia nguvu na baraka.

Mwisho wa safari ni Lagundri, pale bahari inaingia ndani ya inchi kavu. Kando yake kuna Sorake, na wimbi lake.

Sisi tunaojua mawimbi ya Tanganika kule Kalemie na Moba, hata sisi tutashangaa. Wimbi la Sorake linazaliwa na upepo mukali, kilometre maelfu upande wa kusini. Si maji yenyewe yanayosafiri, ni nguvu yake. Muangalie wagoni zikigongana ku gare: ya kwanza inasukuma ya pili, ya pili inasukuma ya tatu, pigo linafika mpaka ya mwisho, na kila moja inabaki karibu pahali pake. Ile nguvu ikifika ku mwamba ulio chini ya maji, maji ya chini yanashikwa, ya juu yanaendelea, yanajikunja na kuanguka. Kijana anasimama juu ya ubao mwepesi, anateleza mbele ya maji yanayoanguka. Akikosea, mwamba unamuchana ngozi.

Katika mwaka wa 1975 vijana Waaustralia walifika pale kwa ule muchezo; kati yao Kevin Lovett na John Giesel. Hapakuwa hoteli, walilala katika pori. Malaria, ile tunayoijua vizuri, ikawapiga. Baadaye Giesel akafa. Kisha wengine wakaja, na jamaa za kijiji wakaanza kuwapangisha vyumba na kuwapikia samaki.

Hapa tusimame kidogo. Mali yetu, shaba na kobalti, inatoka ardhini, inapakiwa ku wagoni na ku makamiyo, inaenda. Sisi tunabaki na shimo na vumbi. Wimbi halipakiwi. Mwenye kulitaka lazima aje yeye mwenyewe, alale kwa mama wa kijiji, alipe chakula chake. Na watoto wa kijiji waliokuwa wakiangalia wageni tu, wengi leo wanapanda yale mawimbi vizuri sana. Lakini tuwe macho: tajiri wa mbali akinunua ufuko na kujenga ukuta, hata wimbi linaweza kuibiwa pale pale lilipo.

Tena tusiseme Nias ni paradiso. Tarehe 28 Machi 2005, usiku, siku moja kisha Pasaka, inchi ilitetemeka kwa nguvu ya 8,6. Mamia ya watu walikufa, wengi chini ya nyumba za simenti zilizoanguka. Nyumba nyingi za kale, za miti yenye kukingamana, zilibaki zimesimama; wazee waliofanya kazi chini ya ardhi na kuona ginsi miti inavyoshikilia paa la shimo, watafahamu. Na mwamba wa Sorake wenyewe ulinyanyuka. Vinyama vidogo vinavyojenga ule mwamba vikafa kwa kukosa maji, na wimbi likawa kali kuliko zamani. Wageni wakafurahia wimbi jipya. Wenyeji walikuwa wakizika watu wao.

Basi, mutoto wangu, jibu lako ni hili: wanaendaka kuangalia maji kwa sababu maji yale ni mazuri kabisa, ni kazi ya mikono ya Mungu. Hakuna zambi kuyaangalia. Lakini mugeni akiangalia maji tu, na asiulize mama aliyemupikia alipoteza nani ile usiku, amerudi kwao bila kufika Nias.

Kwa mazungumzo nyumbani, jioni kisha chakula: hapa kwetu, kiko kitu gani chenye bei ambacho hakipakiwi ku wagoni? Na sisi tunakichunga namna gani? Wazazi, muache watoto waanze kujibu.

Mubaki na amani, mpaka mwezi ujao.