Ramani moja haimfikishi msafiri wa Pwani

Gari la malazi, lile lenye kitanda na jiko ndani, humpa mwenyewe uhuru ambao mgeni wa hoteli hana. Popote giza linapomkuta ndipo kwake. Hata hivyo, uhuru huo una gharama. Dereva asiyejua alipo hana mlinzi langoni wala karani wa mapokezi wa kumwuliza. Uamuzi wa ramani ipi ibebwe na kitabu kipi kinunuliwe ni suala la usalama wake, na pia la riziki ya wenyeji anaopita kwao.

Barabara ya Pwani ya Kenya, kuanzia Lunga Lunga kwenye mpaka wa Tanzania hadi Mokowe mkabala wa kisiwa cha Lamu, yaonyesha jambo hili wazi. Ramani iliyochapishwa kabla ya 1991 itampeleka msafiri kutafuta kivuko Kilifi, mahali ambapo sasa pana daraja. Iliyochapishwa kabla ya 2024 haitamwonyesha kwamba anayetoka Nairobi aweza kupitia Dongo Kundu na kufika Pwani ya kusini bila kugusa foleni ya feri ya Likoni. Nambari za barabara nazo zimebadilika. Ile ya Mombasa kwenda Malindi, iliyojulikana kwa miaka mingi kama B8, sasa ni A7. Mikoa na wilaya zinazosomeka katika ramani hizo zilipisha kaunti mwaka wa 2013.

Kwa hivyo, jambo la kwanza la kukaguliwa ni mwaka, na si ule wa chapa bali ule wa utafiti. Vitabu vingi vya mwongozo hutangulia kufanyiwa utafiti mwaka mmoja au zaidi kabla ya kufika dukani, na habari hiyo hupatikana katika kurasa za mwanzo ambazo wanunuzi wengi huziruka.

Jambo la pili ni kipimo. Katika ramani ya 1:1,000,000, sentimita moja ni kilomita 10, na safari nzima ya Mombasa hadi Malindi haifiki urefu wa kalamu. Ramani hiyo yafaa kupangia siku, lakini haifai kutafutia njia ya kuingia ufuoni. Kwa kazi hiyo, zipo ramani za 1:50,000 za idara ya serikali ya upimaji wa ardhi, ambazo huonyesha vilima, mikoko na mikondo ya maji kwa namna ambayo simu haijafikia. Udhaifu wake ni umri, kwa maana nyingi zilichorwa miongo kadhaa iliyopita na hazijarekebishwa ipasavyo.

Kuna mtego mwingine humo ambao wachache wanaujua. Ramani hizo za zamani zilitumia msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya setilaiti hutumia WGS84. Anayehamisha nambari kutoka kwa simu hadi kwenye karatasi bila kuzirekebisha aweza kukosea kwa takriban mita 300. Barabarani kosa hilo ni dogo. Kando ya hori la Mida, ni tofauti kati ya nchi kavu na tope la mikoko.

Watetezi wa teknolojia watasema kwamba simu imemaliza mjadala huu. Ni kweli imerahisisha mengi. Mradi wa OpenStreetMap, ulioanzishwa Uingereza mwaka wa 2004 na ambao hujazwa na watu wa kujitolea, hupakuliwa bila malipo na kutumika hata pasipo mtandao. Lakini ramani ya aina hiyo hujaa pale ambapo waliojitolea wamepita, na hubaki tupu kwingine. Isitoshe, programu ya kawaida ya simu huchagua njia ya haraka. Haiulizi urefu wa gari, uzito wake, wala kama mvua za masika zimegeuza njia hiyo kuwa kinamasi.

Vitabu vya mwongozo vina kasoro ya namna nyingine. Vingi huandikiwa mtu atakayeshuka kwa ndege na kulala hotelini. Mwenye gari la malazi hutaka kujua penye maji safi, dizeli, fundi wa magurudumu na uwanja wenye mlinzi. Hutaka pia jedwali la maji kujaa na kupwa, kwa kuwa wakati wa bamvua tofauti hiyo hupita mita tatu, na mchanga mkavu wa jioni waweza kuwa bahari kabla ya mapambazuko. Kitabu kisicho na habari hizi hakimfai, hata kikisifiwa vipi.

Lipo pia lile ambalo halichapishiki. Barabara ya Garsen, Witu na Lamu sasa ni ya lami, lakini mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliikata, na tangu mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 eneo hilo limeshuhudia mashambulizi mara kwa mara. Habari za leo kuhusu njia hiyo hupatikana kwa polisi wa Garsen na madereva wa mabasi, na hupitwa na wakati siku inayofuata. Vivyo hivyo, misitu ya Kaya huonekana ramani kama doa la kijani, ilhali kwa Wamijikenda ni mahali patakatifu pasipoingiwa bila idhini na mwenyeji wa kuongoza.

Hili si jipya. Mnamo Aprili 1498, Vasco da Gama, pamoja na ujuzi wote wa mabaharia wa Ureno, hakuvuka bahari kwenda India hadi alipopewa rubani mjini Malindi.

Swali kubwa basi ni nani anayeichora Pwani. Diani na Watamu hupewa kurasa tele, huku Vanga na Kipini zikipata mistari michache, na fedha za mgeni hufuata kurasa. Katiba imezipa kaunti jukumu la utalii wa mashinani. Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu zingeweza kuungana na kutoa ramani moja ya barabara hii, kwa Kiswahili na Kiingereza, yenye visima, viwanja vya kuegesha, majedwali ya maji na majina kama wenyeji wanavyoyatamka, na kuirekebisha kila mwaka.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hawezi kupona mwenyeji ambaye mgeni hajui njia ya kumfikia.