Breki za Fuso na Hesabu ya Uzembe

Mfanyabiashara wa maharage anayepakia Muyama, wilayani Buhigwe, kwenda Kasulu huuliza kwanza bei ya usafiri, na gari la bei ya chini ndilo linalojaa mapema. Likipinduka mteremkoni, husemwa kuwa ni kazi ya Mungu. Sheria haisemi hivyo, wala daftari la biashara.

Huko Marekani, Januari 1944, tishari liitwalo Anna C, lenye shehena ya unga, lilichukuliwa na maji katika bandari ya New York baada ya kamba kulegea, likagonga meli na kuzama. Mlinzi wake hakuwapo kwa saa 21. Mwaka 1947 Jaji Learned Hand alitoa kipimo ambacho hata mwenye duka anaweza kukikokotoa: zidisha hasara kwa uwezekano wa ajali, kama tahadhari ingegharimu pungufu ya hapo, asiyeichukua ni mzembe.

Chukulia mfano wa Fuso. Kutengeneza breki ni Sh. 300,000. Ajali ikitokea, hasara ni Sh. milioni 60, na uwezekano wake kwa mwaka ni mmoja katika mia. Hiyo ni Sh. 600,000. Mwenye gari aliyeacha breki mbovu hakuokoa chochote; deni lake amewatwisha wenye mizigo na waenda kwa miguu. Bei yake ya chini inalipiwa na wengine.

Kuna mahali hesabu hiyo hutia aibu kuitumia. MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa na kibali cha abiria 430. Waliokufa walizidi 500. Nauli za ziada za safari ile ni shilingi ngapi?

Wengi hujifariji kwa bima. Lakini bima ndogo inayolazimishwa na sheria ni ya vifo na majeraha ya watu wengine. Gunia la maharage halimo.

Ubovu mkubwa zaidi uko kwa wadai wenyewe. Majeruhi wengi hupatana nyumbani kwa rambirambi kidogo, na madai ya namna hii hupitwa na wakati baada ya miaka mitatu kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo ya 1971. Endapo mdai mmoja tu katika kumi anafika mahakamani, ile Sh. 600,000 inageuka Sh. 60,000 mfukoni mwa mwenye gari, na kuacha breki mbovu kunakuwa biashara yenye faida. Hapo si dereva peke yake wa kulaumiwa.

Mwenye tishari la Anna C naye alikatwa fidia kwa sababu ya mlinzi wake mtoro. Mfanyabiashara anayerundika lumbesa juu ya gari lililokwisha jaa, tena bila stakabadhi ya mzigo, atamweleza nini hakimu?