Hesabu ya Mkono Itangulie Amri ya Mashine

Katika kufundisha uandishi wa programu za kompyuta, wengi wetu wakufunzi tumeshika desturi ya kumpa mwanachuo kwanza amri iliyokwisha kutengenezwa, ili aione faida yake upesi. Maelezo ya yaliyomo ndani ya amri hiyo huachwa hadi siku nyingine, na aghalabu siku hiyo haifiki. Maoni yangu ni kwamba utaratibu huo umepinduka. Nitautolea mfano katika jambo moja tu, yaani matumizi ya AmiBroker, programu ya kuchorea chati za bei za hisa.

Huenda msomaji akauliza, hisa zahusu nini chuo cha ualimu? Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954. Bei za masoko hayo ni tarakimu halisi za kila siku ya kazi, nazo zafaa sana kufundishia wastani na grafu. Sharti ni moja: mwanachuo aambiwe tangu mwanzo kwamba chati husimulia yaliyopita, wala haipigi ramli.

Programu hiyo ina lugha yake ya maagizo, na ndani ya lugha hiyo zipo njia mbili za kufanya hesabu. Ya kwanza ni kuita funksheni, yaani kazi iliyokwisha kuandikwa na kupewa jina. Ukiandika MA(Close, 3), umeiita funksheni ya wastani, ukaikabidhi bei za kufungia soko na idadi ya siku tatu, nayo hukurudishia wastani wa kila siku kwa mara moja. Njia ya pili ni mzunguko: mashine huagizwa ianze siku fulani, itende jambo, isogee siku moja, itende tena, hata siku zikwishe.

Mimi huanza na ubao na chaki. Huandika bei sita za kubuni, kwa shilingi: 400, 410, 420, 400, 440 na 450. Wanachuo hutafuta wastani wa siku tatu tatu. Mara huzuka swali: siku ya kwanza na ya pili tuandike nini? Hapana cha kuandika, kwa kuwa siku tatu hazijatimia. Siku ya tatu jumla ni 1,230, na wastani 410. Kisha mmoja wao hugundua kwamba hapana haja ya kujumlisha upya kila siku. Yatosha kutoa bei iliyotoka na kuongeza iliyoingia. Siku ya nne wastani ni 410, ya tano 420, ya sita 430. Hapo mzunguko umekwisha kuandikwa vichwani mwao kabla mashine haijawashwa. Waonapo baadaye kwamba mstari wa MA hauanzi mpaka siku ya tatu, hawashangai.

Mwaka mmoja nilijaribu njia ile nyingine, kwa sababu muda ulikuwa mfupi. Niliwapa wanachuo funksheni kwanza. Kikundi kimoja kilitunga kanuni ya kununua na kuuza, wakaijaribu kwa bei za miaka iliyopita, na karibu kila ununuzi ulileta faida. Darasa lilishangilia. Mwanachuo mmoja akanifuata faraghani, akaniuliza kama amshauri mjomba wake, aliyekuwa amekwisha kuuza korosho zake, aziweke fedha zote katika hisa kwa kanuni hiyo.

Tuliketi tukaikagua. Kosa lilikuwa alama moja. Katika lugha ya AmiBroker, Ref(Close, -1) ni bei ya jana, na Ref(Close, 1) ni bei ya kesho. Wao waliacha alama ya kutoa. Kanuni yao ilinunua leo kwa sababu ilikwisha kuiona bei ya kesho! Nilirudi kwenye zile bei sita, nikamwambia, "Simama siku ya nne. Bei ni 400. Je, ile 440 unaijua?" Akanyamaza, kisha akacheka kwa haya. Mashine haikumkanya, kwani amri ilikuwa sahihi kwa sarufi. Iliyokosekana ni maana. Aliyezoea kupita siku moja baada ya nyingine kwa kalamu yake hawezi kuisoma bei ambayo bado haijaandikwa.

Wenzangu wengine husema kwamba mzunguko huchosha, na kwamba funksheni huwatia wanafunzi moyo. Neno lao lina ukweli. Tena lugha hiyo imeundwa ifanye kazi na safu nzima ya bei kwa pamoja, na kwa wastani wa kawaida funksheni ni fupi na nyepesi zaidi. Sisemi mzunguko uishinde. Nasema mwanachuo ajue wakati wa kutumia kila kimoja.

Mfano ni bei ya ukomo, ambayo mwenye hisa huiweka asilimia 10 chini ya bei ya soko, ikipanda pamoja nayo lakini isishuke. Kwa bei zetu sita ukomo ni 360, 369, 378, kisha 378 tena ijapokuwa bei imeshuka hadi 400, halafu 396 na 405. Hapa jibu la leo laegemea jibu la jana, na mzunguko ndio unaoonyesha waziwazi jinsi linavyopatikana.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu huu: kwanza bei chache ubaoni, pili mzunguko ulioandikwa na wanachuo wenyewe, tatu funksheni, na majibu yake yalinganishwe na ya mkono. Vipindi viwili vya ziada vitatumika. Walakini tukumbuke kwamba hawa ni walimu wa kesho. Mwalimu aliyepewa jibu bila njia atawapa wanafunzi wake jibu bila njia, na siku mashine itakapokosea, hapatakuwa na mtu darasani wa kuirudi.