Ada ya maegesho isimkomoe wa Rau

Desemba ikifika, Moshi hufurika magari. Wachagga walioko Dar es Salaam na kwingineko wanapanda kula sikukuu nyumbani, na pale Double Road nafasi ya kuegesha inatafutwa kwa tochi. Kutoza ada msimu huo ni haki: gari la mgeni lisishinde mbele ya duka la mtu.

Lakini mkazi wa kata ya Rau, hapa hapa Moshi, aliyepakia mikungu ya ndizi kwenye pikapu, akasimama soko la Mbuyuni kushusha mzigo, hahusiki na msongamano huo. Naye namba ya gari lake inaingizwa kwenye mashine, deni linamfuata, na akichelewa kulipa linazaa faini. Faida yote ya mkungu mmoja inaishia hapo.

TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini iliyokabidhiwa barabara hizo mwaka 2017, itoe dakika 30 za mwanzo bure kwa anayeshusha mzigo au mgonjwa. Bei iandikwe kwenye kibao kila mtaa, isomeke bila kushuka garini. Manispaa nayo itenge kiwanja cha magari ya sikukuu pembeni ya mji, kwa ada nafuu, kabla ya Desemba.