Wamliliao Randy Newman

Liko shitaka lililozoeleka kati ya wapenzi wa nyimbo: kwamba mtunzi aachaye nyimbo zake na kwenda kutunga muziki wa senema ameuza kipaji chake. Mmoja wa washitakiwa ni Mmarekani Randy Newman, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1943. Shitaka hili lina ushahidi, lakini hukumu yake ni dhuluma. Na watu wapasao kuulizwa kwa ajili ya dhuluma hiyo ni wasomi wa fasihi.

Ushahidi na utolewe kwanza, maana hoja ifichayo nguvu za mpinzani haina ushujaa. Kati ya mwaka 1968 na 1979 Newman alirekodi studio santuri sita za nyimbo mpya. Mwaka 1981 alitunga muziki wa filamu Ragtime, iliyotokana na riwaya ya E. L. Doctorow, ikafuata The Natural mwaka 1984, na Toy Story mwaka 1995. Filamu zikazidi, nyimbo zikawa haba kama mvua ya kiangazi. Baada ya santuri ya mwaka 1999 ilipita miaka tisa kabla ya kutoka nyingine ya nyimbo mpya. Wamliliao husema: mtu mwenye ulimi mkali namna ile amewekwa kuwatumbuiza watoto!

Lakini ulimi ule ulikuwa wa nani? Katika "Sail Away" ya mwaka 1972, asemaye si Newman. Ni mfanya biashara ya watumwa, asimamaye mbele ya Waafrika na kuwasifia Marekani kwa sauti tamu, kama awaalikaye karamuni. Mtunzi hasemi kwamba biashara ile ni ovu. Humwacha mwovu anene, mpaka msikilizaji aone haya kwa kuupenda wimbo. Katika "Short People" ya mwaka 1977 asemaye ni mpumbavu mwenye chuki isiyo na sababu juu ya watu wafupi. Wako waliodhani kuwa chuki ile ni ya mtunzi mwenyewe, wakaghadhibika. Hawakuiona barakoa.

Wamliliao hurudia kosa lile kwa njia nyingine. Hudhani kwamba Newman alikuwa akisema kwa sauti yake mwenyewe, kisha akaikodisha kwa wenye senema. Ukweli ni kwamba ustadi wake ulikuwa kunena kwa kinywa cha mwingine, na ustadi huo ndio roho ya mchezo wa kuigiza. Katika Toy Story, Buzz, mwanasesere aliyejidhani kuwa mwanaanga wa kweli, agundua kuwa yeye ni kitu cha kuchezea. Ajaribu kuruka, aanguka. Hapo wimbo huingia, nao hutoka ndani ya moyo wake. Hauna dhihaka, kwa sababu aangukaye hahitaji dhihaka. Kumlaumu mtunzi kwa hilo ni kumlaumu fundi wa cherehani kwa kuwa kanzu haina mifuko ya koti.

Wahenga walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Ami zake Newman, yaani Alfred, Lionel na Emil, walikuwa watunzi wa muziki wa filamu. Alfred peke yake alishinda Oscar tisa. Hilo liitwalo kupotea njia lilikuwa kurudi katika kiwanda cha jamaa. Wala kazi ya kiwanda hicho si nyepesi. Mtunzi hupewa picha ambazo urefu wake umekwisha kukatwa. Hupima tuni kwa sekunde. Hunyamaza mtu wa filamu afumbuapo kinywa. Na mwongozaji aweza kuikataa kazi ya majuma mengi kwa neno moja. Aliyekuwa sultani wa wimbo wake huwa mtumishi wa hadithi. Utumishi huo si utumwa. Malenga atakiwaye shairi la harusi hupimwa kwa harusi, wala hakuna amwitaye mtumwa.

Kisa cha kilio, basi, ni nini? Ni kwamba msomi huyajua maneno. Maneno ya wimbo hupigwa chapa, huchambuliwa darasani, hutiwa katika insha. Muziki wa okestra usio na neno hata moja haukubali kutendewa hivyo. Na msomi, akikosa la kunukuu, husema hapana kitu. Uziwi wa msikilizaji usiitwe ububu wa mtunzi.

Hapana haja ya kudai kwamba hakuna kilichopotea. Nyimbo ambazo hazikutungwa katika miaka ile hazitarudi. Hata jukwaa halikumpa yote aliyotaka: mchezo wake Faust ulioneshwa La Jolla mwaka 1995 na Chicago mwaka 1996, lakini haukufika Broadway. Walakini hasara ipimwe pamoja na faida. Santuri yake ya mwaka 2017, Dark Matter, hufunguliwa na wimbo wa dakika nane hivi, "The Great Debate", ambamo wenye sayansi na wenye imani hushindana mbele ya umati. Muziki hubadili vazi kila abadilikapo msemaji. Na mmoja wa waumini amgeukia mtunzi mwenyewe, amshitaki kwa kuwabunia watu hoja dhaifu ili awashinde. Huo ni mchezo mzima ndani ya wimbo mmoja, nao ni mavuno ya shamba lile ambalo wamliliao waliliita jangwa.

Atakaye kumhukumu Newman ana haki ya kumhukumu, ila asikilize kwanza kazi yote, yenye maneno na isiyo na maneno. Hakimu asikilizaye nusu ya ushahidi hana hukumu; ana upendeleo.