Dawa ya Mapendo Haileti Mapendo

Kuna neno lisemwalo sana kwetu Kolwezi: "Yule bibi amemfunga bwana wake kwa dawa." Wanaume hulisema wakicheka, na lawama yote humwangukia mwanamke. Sisi twakataa dawa ile, na twakataa kicheko kile pia.

Tuanze na dawa. Kanisa lafundisha kwamba ndoa hufanywa kwa hiari ya watu wawili. Palipo na kulazimishwa, hapana ndoa. Katekisimu ya 1992, katika namba 2117, yakataza uchawi wa kutaka kumtawala mwenzio, hata kwa nia ya kumponya. Basi, mke atiaye unga wa mganga katika bukari ya mumewe ataka nini? Ataka mume asiye na hiari. Lakini aliyefungwa hapendi, ametekwa tu.

Sasa tuulize: nani aliyempeleka mke huyu kwa mganga? Union Minière ilipoanza, katika miaka ya 1920, kutaka wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake zao, nyumba ilikuwa ya kampuni, nayo ilipatikana kwa kazi ya mume. Posho vilevile. Shangazi na wajomba, waliozoea kupatanisha ugomvi, walibaki kijijini. Amri ya 1950 ilikataza ndoa mpya za wake wengi, lakini haikuwazuia waume kuweka vimada. Mke aliyefukuzwa alipoteza mume, nyumba na chakula kwa siku moja. Hofu hiyo ndiyo iliyomtajirisha mganga. Na ninyi mabwana mnaocheka, je, hakuna kati yenu aliyetafuta dawa ya kupendwa na mkubwa wa kazi? Dhambi ni ile ile.

Padri Placide Tempels, aliyeanza kazi yake ya Jamaa hapa Kolwezi mwaka 1953, aliwaita baba na mama pamoja, wafunuliane mawazo ya moyoni. Hiyo ndiyo njia. Leo kampuni ile haipo tena hapa kwetu, lakini dawa ingali inauzwa, kwa sababu hofu ingali nyumbani.

Basi, akina mama, itupeni dawa. Nanyi akina baba, iondoeni hofu: leteni mshahara nyumbani, acheni vimada, ongeeni na wake zenu. Mume akifanya hivyo, mganga atakosa wateja.